Motokari Iliyolala Pakavu

Nyinyi batoto ba leo, munaosoma vitu kwa simu huku munatembea, simameni kidogo. Hii si hadithi ya kupitisha wakati, hata kama kuna pahali mutacheka. Mi nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, kalamu yangu inakwenda pole pole, basi na nyinyi musome pole pole. Bibi benzangu ba umri wangu, nyinyi hamuna haja ya maelezo mingi. Mutanielewa kabla sijamaliza.

Juma iliyopita mujukuu wangu alileta hapa nyumbani kiti cha motokari. Alikipata kwa bale banaochinja magari mazee hapa Baraka, ngozi yake ingali nzuri, akakisimamisha karibu ya mulango. "Bibi, hii njo fotei yako ya kuegemea. Utakaa sawa muke wa gavana." Mvua ilikuwa imekinyeshea njiani. Kilipoanza kukauka, harufu ikatoka: ngozi iliyolowa, moshi, mafuta yaliyochacha. Nikaziba pua. Nikasema bakitoe nje upesi, na yule mutoto akaona uchungu, akafikiri ninadharau zawadi yake. Sikudharau zawadi. Kuna kitu kilipita kwetu wakati nilikuwa mudogo, na pua yangu haijakisahau.

Baba yangu alikuwa muvuvi. Kabla ya mwaka ule tulilala chini ya majani sawa bantu bote ba upande wetu. Mama alikuwa amezika batoto babili, mumoja alizaliwa mbele yangu, mumoja nyuma yangu. Bote balikufa bakiwa bachanga, bote wakati wa mvua, kwa kifua. Mimba ingine ilipoingia, baba alijikaza, akatafuta mabati, moja leo, moja kisha juma, anayaleta kwa mutumbwi. Nyumba ikamalizika: vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, ukuta wa matofali ya udongo, mabati juu. Nilimusikia akimuambia mama siku alipopiga musumari wa mwisho: "Huyu atazaliwa pakavu." Mama akachukua ufagio. Alifagia kile chumba cha nyuma mara mbili kwa siku moja, na hakukuwa na kitu cha kufagia.

Mwisho wa kiangazi tajiri mumoja akafika kwa njia ya Mboko na motokari ya ajabu. Nyekundu. Milango miwili tu. Ilikuwa chini chini, mbuzi ikisimama kando inaona mpaka upande wa pili. Haikukuwa ya kubeba samaki ya ndagala, haikukuwa ya kubeba mihogo, haikukuwa hata ya kubeba batoto. Ilibeba bantu babili na majivuno yao. Kila penye jiwe tumbo yake inagonga, yeye anapiga honi, vijana banakuja kuisukuma na nyimbo sawa banabeba chifu. Huyu tajiri alikuwa ananunua samaki ya kukauka na kuipeleka mbali. Bote balimuita Patro, ni kusema bosi.

Mvua ya kwanza ikamukuta hapa hapa. Muto ukajaa, njia ikageuka matope. Gari za kubeba muzigo zenyewe zilikwama, sembuse ile ya tumbo ya chini. Patro akaamua kurudi kwake kwa boti na kuacha motokari mpaka kiangazi. Alihitaji paa lisilovuja. Alipofika kwetu alitazama mabati kwanza, kisha ndipo akatusalimia.

"Inavuja?"

"Hata tone, Patro," baba akajibu.

"Hii kitu inaogopa unyevu. Ikipata unyevu, chuma inashika kutu, na ngozi ya ndani inaota ukungu. Utaweza kuitunza?"

"Nitaitunza sawa mutoto wangu, Patro."

Patro akamuahidi: akirudi na kuikuta vile alivyoiacha, atamuweka kapita wa depo yake ya samaki. Kapita ni yule anasimama na karatasi mukononi wakati bengine banabeba. Baba alikuwa na vidonda vya kamba kwenye vidole vyote. Alitaka kushika karatasi.

Kesho yake balivunja ukuta wa mbele wa nyumba yetu. Balipoisukuma motokari ndani bakaona ni ndefu kushinda chumba, bakavunja na ukuta wa katikati. Pua ikaingia pale pa kitanda cha mama, mukia ukabaki pale pa kupokea bageni. Kisha bakajenga tena ukuta wa mbele, bakaacha mulango mudogo wa kupita upande upande. Kitanda kilikuwa nje, juu ya matope, na mama amesimama kando yake, mikono juu ya tumbo.

"Baba Riziki," akasema, kwa maana mi ndiyo Riziki, "na mi nitazalia wapi?"

"Jikoni kuna moto. Utapata joto."

"Jikoni kunavuja."

"Nitaongeza majani."

Aliongeza mafungu mawili. Nilihesabu.

Sasa musikilize namna baba alivyoitunza. Motokari hakuijua. Alichokijua ni kutunza vitu vya kwetu visioze. Samaki tunaikausha kwa moshi. Mbegu tunachanganya na majivu ili bududu basiingie. Panga tunapakaa mawese ili isishike kutu. Basi yeye akafanya yote matatu. Patro alikuwa ametoa esansi yote, ile petroli, na kwenda nayo, la sivyo tungeungua bote. Kila asubuhi baba alitia kuni mbichi ndani ya chungu kilichovunjika, akasukuma chini ya tumbo ya motokari, moshi inapanda na kutoka kwa kila tundu. Kila jioni alitia kitambaa ndani ya mawese na kupakaa kila pahali penye kung'aa. Majivu akamwaga kuzunguka magurudumu na ndani ya mikunjo ya viti. Juu ya yote akafunika kitenge cha mama, kile cha arusi, kwa sababu hatukuwa na nguo ingine pana.

Shangazi, dada mukubwa wa baba, alishuka kutoka Lubondja kungojea mama azae. Yeye ndiye alikuwa anazalisha bamama ba ukoo wetu. Alikuwa na kiko mudomoni na maneno nyuma ya kiko. Alichungulia ndani ya moshi, akakohoa.

"Ndugu yangu, unatunza motokari ama unakausha kambale?"

"Dada, acha. Hii ni kazi."

"Ninaona. Na ukimaliza utaipika na nini, na majani ya sombe?"

Baba hakucheka. Tangu motokari iingie hakucheka tena.

Mawese iliita panya. Mwenye kuweka mafuta chini ya paa wakati wa mvua anategemea nini? Balikuja panya, nyuma yao mende, nyuma yao siafu. Kazi ya kubafukuza ikawa yangu. Nilipaswa kukaa ndani ya motokari, juu ya kiti, na ufagio mukononi, tangu asubuhi mpaka baba arudi ziwani. Sijui kama mumewahi kufungiwa ndani ya kitu chenye mafuta yaliyochacha, moshi ya jana na mukojo ya panya. Miguu yangu ilinata kwenye ngozi. Nilipoinuka ilitoa sauti sawa unabandua plasta. Mende bakubwa balikaa ndani ya tundu za pale mbele, penye saa saa zile za kupima mwendo, banatingisha masharubu. Siku ya pili nilitapika. Baba alifuta matapishi kwanza kwenye kiti, kisha mudomoni kwangu, kwa kitambaa kile kile. Mpaka leo nikikumbuka ladha ya kile kitambaa natema mate.

Lakini kulikuwa na kitu kingine akilini mwangu, na hapa mutacheka. Jirani yetu mumoja alikuwa ameoa muke wa pili kabla ya hapo. Niliona yote. Muke mupya aliwekwa ndani ya nyumba, hatoki juani, anapakwa mafuta, anafunikwa kitenge kipya, hafanyi kazi yoyote, bantu banakuja kumuangalia na kusifu. Muke wa kwanza akahamishwa jikoni. Sasa mi, mutoto wa miaka saba, nifikirie nini? Mafuta iko. Kitenge iko. Bantu banakuja kuchungulia na kusema "ah, mali muzuri." Mama iko jikoni. Na baba mwenyewe usiku analala mule ndani, kwenye kiti kilicholala nyuma. Nikajua. Baba ameoa.

Basi nikaanza kuishi naye sawa batoto banavyoishi na muke mwenza wa mama yao. Asubuhi niliingia, nikasema, "Jambo, mama mudogo," kwa sababu nilifundishwa heshima. Kisha nilimufinya. Nilimutemea mate pale baba hataona. Nilimuambia maneno mabaya kuhusu ukoo wao. Hakujibu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Siku moja nilimufuata shangazi akiwa anachambua lenga-lenga.

"Shangazi, mama mudogo ataanza kupika lini?"

"Mama mudogo gani?"

"Ule mwekundu wa ndani."

Shangazi alicheka mpaka kiko kikaanguka ndani ya mboga. Alijipiga mapaja, akaita mama aje asikie. Mama alikuja, amejishika kiuno, akasikia. Yeye hakucheka. Alitazama nyumba, akasema, "Mutoto anaona vizuri kushinda nyinyi," akarudi jikoni kuhamisha chungu, kwa maana tone lilikuwa limeanza kuanguka ndani ya bugali. Shangazi akaokota kiko chake. Hakufanya tena mizaha kuhusu kambale.

Siku ya mama kuzaa uchungu ulimushika muchana, na baba hakwenda ziwani kwa sababu ziwa lilikuwa jeusi. Upepo ukatangulia, kisha mvua ya mawe. Jiko letu lilisimama kidogo tu. Upepo ulichukua yale mafungu mawili ya baba, na nyuma yao majani mengine yote ya upande mumoja. Moto ukazimika. Maji ikaingia, mukeka ukaanza kuelea, na mama juu yake amepiga magoti, anauma kitambaa. Shangazi hakungoja. Alimuinua, akamuvuta katika mvua mpaka mulango mudogo wa nyumba. Mi nilishika ncha ya kitenge cha mama nyuma.

Baba alikuwa ndani, amesimama katikati ya ukuta na motokari. Pale kando hapakutosha hata kulaza ufagio.

"Fungua," shangazi akasema.

"Fungua nini?"

"Mulango wa hii maiti yako. Atazalia ndani."

"Dada, hapana. Ile ngozi haifutiki."

"Mwangalie muke wako."

"Ninamuona. Angoje kidogo, mvua inapunguka."

"Mutoto hangoji mvua, we mupumbavu! Kichwa iko njiani!"

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, umefungwa na uzi wa wavu. Aliushika kwa mukono. Mama alikuwa ameegemea mulango, maji inamutiririka usoni, na alisema pole pole, bila hasira, "Baba Riziki. Ulisema pakavu." Baba akatazama chini. Hakuusogeza ule mukono.

Shangazi akageuka, akaingia mvuani, akarudi na muichi wa kutwangia. Aliuinua mbele ya kioo kikubwa.

"Nitahesabu mara moja tu."

Baba akafungua. Na hapa nawaambia kitu ambacho nilikibeba miaka mingi. Kabla mama hajaingia, baba alivua shati yake, ile moja nzuri, akaitandaza upesi juu ya kiti. Mi nilisimama pale ninalowa na moyo wangu ukajaa. Nilisema ndani yangu: baba anamupenda mama. Anamutandikia shati asiguse ile ngozi chafu yenye mikojo ya panya. Nilimusamehe kila kitu, hata mama mudogo. Nilimusamehe labda kwa saa moja.

Mudogo wangu alizaliwa mule, kwenye kiti kilicholazwa nyuma, muguu mumoja wa mama ukiwa juu ya usukani. Ilikuwa binti. Alilia mara moja, sauti kubwa, kavu, yenye kifua kizima. Mabati juu inapigwa na mvua, na hakuna tone lililomugusa. Shangazi alikata kitovu, akamufunga ndani ya kitenge cha arusi alichokivuta kutoka juu ya motokari, akaita, "Baba Riziki, njoo uone mutoto wako! Ni mwanamuke, iko na mudomo sawa mi!"

Baba akaja. Mukono wa kuume alishika beseni ya maji, mukono wa kushoto majivu na ndimu zilizokatwa. Akasema, "Dada, mutoke sasa. Damu ikikauka haitoki."

Shangazi alimuangalia kana kwamba hajasikia. Akamunyooshea mutoto. Baba akapita kando ya yule mutoto, upande upande, kwa sababu pale palikuwa padogo, akajibana tumbo asimuguse na beseni. Akainama juu ya kiti. Akainua shati kwa vidole viwili, akatazama chini yake, na akasema, "Ah! Imepita."

Hapo ndipo nilielewa shati ilitandazwa kwa ajili ya nani.

Alisugua. Mama alikaa chini kwenye ile nafasi nyembamba, mugongo ukutani, miguu chini ya motokari, mutoto kifuani, na juu ya kichwa chao muntu anasugua. Povu chafu ilimudondokea mama begani. Alisugua mpaka giza. Kesho yake akasugua tena, na chumvi. Siku ya tatu ndipo alimubeba binti yake, na mikono yake ilinuka ndimu na damu, na mutoto alipiga chafya.

Mukiniuliza nilisikia nini, sikusikia huzuni. Huzuni ni kitu kisafi. Nilisikia kinyaa, sawa umekanyaga kitu laini gizani. Na kilichonitia kinyaa haikukuwa damu. Damu ya mama niliiona na sikutapika.

Mvua ikaisha, njia ikakauka, Patro akarudi na bantu ba kuvuta. Bakavunja ukuta tena. Motokari ikatoka juani. Mawese ilikuwa imegeuka gundi, majivu yameshikamana nayo, rangi nyekundu imekuwa sawa ini lililoachwa siku mbili. Moshi ilikuwa imeingia kila pahali. Panya balikuwa bamekula kamba za ndani na kuzalia kwenye kiti cha nyuma. Patro akafungua mulango. Akarudi nyuma, akaweka leso puani.

"Mulikuwa munapika samaki humu?"

Baba akaanza kueleza, moshi juu ya unyevu, mawese juu ya kutu. Patro hakumusikia. Alikuwa anaangalia kile kiti.

"Na hii?"

Mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, mutoto mugongoni. Baba akainamisha kichwa, akashika mikono nyuma sawa mwanafunzi, akasema, "Unisamehe, Patro. Muke wangu alinichafulia."

Alisema hivyo. Mbele yake. Mbele ya jirani bote. Shangazi akatema mate chini, akarudi Lubondja siku ile ile, na mpaka anakufa hakula tena chakula cha baba. Patro akasema kitu kwa kifaransa, bale bantu bake bakacheka, bakafunga kamba, bakaivuta. Haikuwaka hata mara moja. Kazi ya kapita alipewa muntu mwingine ambaye hakuwa hata na nyumba.

Baba akaketi juu ya matofali yaliyovunjika, ameweka mikono kichwani. Mama ndiye alichanganya udongo. Alijenga ukuta wa mbele, kisha ukuta wa katikati, mutoto mugongoni, mi nikimuletea maji. Siku ya nne alipomaliza aliingiza kitanda mwenyewe, akakivuta muguu kwa muguu. Baba alisimama amusaidie. Mama akamuambia, "Kaa tu." Hiyo ndiyo sauti aliyomusemesha nayo mpaka mwisho wa maisha yao: hakumutukana, hakumuacha, alimuambia tu akae.

Bantu bananiambia, Bibi, baba yako alikuwa anawatafutia. Kapita angekula, na nyinyi mungekula. Ni kweli. Na mi nilimuosha alipokuwa muzee, nilimulisha, nilimuzika na sanda safi. Lakini siwezi kudanganya kwenye karatasi. Kuna bantu banafikiri kitu kizuri kikilala kwao, basi na bao bamekuwa bazuri. Banakitumikia mpaka banasahau nani analala nje. Motokari ile haikutuomba kitu. Ni sisi tuliipigia magoti. Mudogo wangu yuko hai, ana bajukuu, sauti yake sokoni inafika mpaka penye boti, na hajawahi kuambiwa na mi kuhusu ile beseni. Sasa atasoma. Asome.

Nina kijana wangu wa mwisho. Muke wake alizaa hapa kwangu mvua ya mwaka huu, chumba changu, kitanda changu. Nilipotoka kumuita nikamukuta uani, mvua inamupiga, anahangaika kufunika pikipiki yake mupya na bashi ya turubai, anafunga kamba hapa, anafunga kamba pale. Akaniambia, "Mama, dakika moja, ninakuja, isije ikaingia maji." Bote balikuwa barazani banasikia: binti zangu, bakwe, bajukuu. Sikupandisha sauti. Nikasema, na nikataka kila mumoja ashike kwa nyumba yake:

"Achia hiyo kamba. Ilowe. Nawa mikono, ingia, ubebe mutoto wako."